Mji wa Makaisari kwa Hela ya Mboga

Kuna ugonjwa umewaingia Waafrika Mashariki wanaobahatika kupata viza ya Schengen: kutaka kuimaliza Ulaya yote kwa mkupuo mmoja. Paris siku mbili, Amsterdam siku moja, Prague usiku mmoja, Roma asubuhi tu, kisha mtu anarudi nyumbani na deni la SACCOS na miguu iliyovimba. Ukimuuliza ameona nini, anakupa simu upekue picha. Maoni yangu ni kinyume, na nayasema mapema ili asiyekubaliana nami asipoteze muda: mwenye hela ya mboga asizunguke. Achague mji mmoja mkubwa, atulie humo mpaka muuza mkate amzoee. Mji ninaoupendekeza ni Vienna, mji mkuu wa Austria.

Najua Vienna haisikiki kama mji wa mlalahoi. Ukilitaja jina lake watu wanawaza violini, keki za chokoleti na kasri za ukoo wa Habsburg. Kasri la Schönbrunn peke yake lina vyumba 1,441. Mwaka 1857 Kaisari Franz Joseph aliamuru ukuta wa zamani wa mji ubomolewe, na mahali pake ikajengwa barabara pana ya Ringstrasse, yenye opera, bunge, chuo kikuu, makumbusho na ukumbi wa jiji, kila jengo likijitunisha mbele ya jirani yake. Yote yalijengwa ili mtu mdogo ajione mdogo zaidi. Lakini mji huohuo ulikuja kuwa na watawala wa namna nyingine, waliochaguliwa kwa kura za wafanyakazi, na mengi yanayomfaa mgeni mwenye mfuko mwembamba leo yametokana na maamuzi yao. Nitarudi kwao.

Kwanza pesa inayouma. Waandishi wengi wa safari za bei poa wana pasipoti zinazopita popote, kwa hiyo bajeti yao huanzia uwanja wa ndege. Yetu huanzia kwenye dirisha la viza. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, na ukikataliwa hairudishwi. Ongeza bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri, uthibitisho wa malazi, na nauli ya kwenda kupeleka makaratasi hayo kama huishi kwenye jiji lenye kituo cha maombi. Hapo hata mkate wa Ulaya hujauonja. Ndiyo maana hoja ya kwamba siku tatu zinatosha kwa kila mji hainiingii akilini. Gharama ya kufika ni ileile ukikaa siku tatu au wiki mbili. Ukiigawa kwa siku, aliyekaa zaidi ndiye aliyesafiri kwa bei nafuu. Tena kanuni inakutaka uombe viza kwenye nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, jambo ambalo kwa mtu wa mji mmoja halina utata wowote.

Nenda wakati wenyeji wamejikunyata: Novemba mwanzoni, au Januari ikishaenda enda hadi Machi. Baridi ni kali, sikatai, ila vitanda vya hosteli hushuka bei. Desemba iache, masoko ya Krismasi hujaza mji na bei hupaa. Koti usinunue huko. Karume na Gikomba makoti mazito ya mitumba yanauzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu nani Dar anayahitaji? Koti lililotoka Ulaya kwenye robota linarudi Ulaya mgongoni mwako, biashara imekamilika.

Ukitua, mtego wa kwanza unakusubiri palepale. Kuna treni maalumu inayotangazwa kila ukuta, inayofika stesheni ya Wien Mitte, katikati ya mji, kwa dakika 16. Kuna pia treni ya kawaida, S7, inayofika stesheni hiyohiyo kwa dakika kama 25, na nauli yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kwanza. Tofauti ya dakika kumi hivi inakugharimu chakula cha siku. Haraka ya nini, na wewe hata funguo za chumba hujapewa?

Ndani ya mji nunua tiketi ya siku saba, isiyofika yuro 30, na baada ya hapo sahau habari ya nauli. Tramu, mabasi na treni za chini ya ardhi zote zimo. Hakuna geti la kukuzuia wala konda wa kukudai; unapanda, unakaa. Ila wakaguzi wapo, wamevaa kama watu wa kawaida, na faini inazidi yuro 100, kwa hiyo tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye kile kisanduku kidogo kabla hujapanda. Mwaka 2012 jiji lilishusha tiketi ya mwaka mzima hadi yuro 365, yaani yuro moja kwa siku, likaishikilia bei hiyo hadi mwisho wa 2025. Sisi tuliozoea kusikia kwamba usafiri wa umma lazima ujiendeshe kwa faida, hilo ni la kutafakari dirishani huku tramu nambari 1 ikikupitisha mbele ya majengo ya Ringstrasse ambayo wenzako wanalipia basi la watalii kuyaona.

Sasa maji. Katika miji mingi ya Ulaya mgeni huachia yuro nyingi kwenye chupa za maji bila kujua. Vienna bomba lolote linatoa maji ya chemchemi za milima ya Alps, baridi na matamu, na mitaani kuna bomba za kunywa zaidi ya 1,000. Maji hayo yalifika mjini Oktoba 1873 kupitia mfereji uliojengwa kwa msukumo wa mwanajiolojia Eduard Suess, aliyekuwa pia diwani wa jiji, baada ya miaka ya homa ya matumbo iliyosababishwa na visima vichafu. Yanateremka yenyewe kutoka mlimani, bila pampu. Mfereji wa pili uliongezwa mwaka 1910.

Huyu Suess anatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1891, akitumia ramani na vipimo vya wasafiri, alichapisha utafiti ulioeleza kwamba mabonde na maziwa yetu kutoka huku hadi Bahari ya Shamu si vipande vipande bali ni mpasuko mmoja mkubwa wa ardhi. Ndilo Bonde la Ufa tunalofundishwa darasani. Afrika Mashariki hakuwahi kuikanyaga. Basi ukijaza chupa yako pale Schwarzenbergplatz, karibu na chemchemi kubwa iliyozinduliwa siku maji yalipofika, unakunywa kazi ya mtu aliyelielewa Bonde la Ufa akiwa amekaa mezani kwake.

Opera ndiyo inayonifanya nibishane na watu. Mtu anakwambia, opera ni ya matajiri, mimi nitapita nje nipige picha. Kwenye jumba la Staatsoper, lililofunguliwa 1869, likapigwa mabomu Machi 1945 na kufunguliwa upya 1955, kiti kizuri kweli kinaweza kuzidi yuro 200. Lakini kuna nafasi za kusimama, zinazouzwa siku ileile ya onyesho kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Zamani zilikuwa yuro 3 au 4. Zimepanda, wazee wa mji wananung'unika, na bado ni bei ya sahani ya chakula. Nafasi za chini ziko katikati kabisa, nyuma ya viti vya wenye nazo, na unaona vizuri kuliko baadhi yao waliobanwa kwenye vibaraza vya pembeni.

Huko nyuma kuna desturi zake. Ukishapata nafasi unafunga skafu kwenye chuma kilicho mbele yako, kisha unaweza kutoka kwenda msalani au kula kipande cha mkate. Hakuna atakayegusa nafasi yenye skafu. Bibi mmoja aliyesimama jirani yangu, mwenye umri wa kustahili kiti popote duniani, alinionyesha kwa ishara jinsi ya kufunga fundo, kisha akafungua kitabu chake cha nota na kufuatilia kila mstari kama hakimu. Kila nafasi ina kioo kidogo chenye tafsiri ya maneno yanayoimbwa, Kiingereza kikiwemo. Kama miguu haiwezi, miezi ya Aprili, Mei, Juni na Septemba baadhi ya maonyesho hurushwa kwenye skrini kubwa nje ya jumba, bure, na Julai na Agosti kuna tamasha la filamu za muziki mbele ya ukumbi wa jiji, bure pia. Watu watakaokusimamisha barabarani wamevaa mawigi meupe na makoti ya karne ya 18, wakikuuzia tiketi za muziki wa Mozart, wapungie mkono uendelee na safari yako. Hao hawahusiani na Staatsoper.

Chakula kina hesabu yake. Chukua hosteli yenye jiko, hata kama kitanda kimezidi kidogo, na nunua vitu kwenye maduka ya bei nafuu kama Hofer au Penny. Unga wa mahindi upo, umeandikwa polenta. Ukisonga vizuri hakuna atakayejua kwamba uko Ulaya. Mchana wa siku za kazi migahawa mingi ya kawaida huandika mbele ya mlango mlo maalumu wa mchana kwa bei ya chini kuliko usiku, na kantini za vyuo vikuu, wanazoziita Mensa, humpokea yeyote, mwanafunzi hulipa pungufu tu. Vibanda vya soseji vimejaa kila kona na wenyeji wanavienzi, ila Mwislamu awe macho, maana nyama nyingi pale ni ya nguruwe. Yeye namwelekeza Brunnenmarkt, wilaya ya 16 ya mji, soko refu la barabarani lenye Waturuki, Wasyria na watu wa Balkani, ambako nyama halali, mikate ya moto na mboga haziishi. Jumamosi alasiri bei hulegea, kwa sababu Jumapili hakuna soko. Na kwa anayetafuta pa kusali, msikiti wenye mnara karibu na mto Danube uko wazi tangu 1979. Austria iliutambua Uislamu kisheria tangu 1912, baada ya kuitwaa Bosnia.

Jumapili yenyewe ndiyo inayowaumbua wageni. Maduka hufungwa, yote, isipokuwa machache ndani ya stesheni kubwa, yenye foleni ndefu kama ya sukari miaka ya themanini. Nunua Jumamosi. Na chupa za plastiki na makopo usizitupe: tangu Januari 2025 kila moja ina amana ya senti 25, unairudishia mashine dukani. Chupa nne, yuro moja.

Mahali nisipokubali mtu abane ni mkahawa wa kahawa. Kikombe ni kama yuro 5, nawe utaona ni wizi. Lakini kinaletwa kwenye sinia dogo na glasi ya maji, na baada ya hapo kiti ni chako. Soma magazeti yaliyobanwa kwenye fremu za mbao, andika barua, tazama mvua. Mhudumu, ambaye kwa desturi ana uso wa mtu aliyedhulumiwa, hatakufukuza, na ukiomba maji mengine ataleta. Mara moja kwa wiki mtu mwenye hela ya mboga anastahili hilo.

Nilisema nitarudi kwa wale watawala. Mwaka 1919 chama cha Social Democrats kilishika jiji kwa kura. Wafanyakazi walikuwa wanaishi kama dagaa kwenye tenga, wengine wakikodi kitanda kwa zamu. Jiji likatoza kodi kwa kuajiri watumishi wa nyumbani, kwa magari, mbio za farasi na starehe, na kuanzia 1923 kodi maalumu ya ujenzi iliyowabana zaidi wenye majumba makubwa. Kufikia 1934 zilikuwa zimejengwa nyumba zaidi ya 60,000. Panda tramu D hadi Heiligenstadt uione Karl-Marx-Hof, jengo lenye urefu unaozidi kilomita moja, lililojengwa kati ya 1927 na 1930 na kuwa na nyumba 1,382, pamoja na sehemu za kufulia, zahanati na shule za watoto wadogo. Februari 1934 serikali ya taifa ililipiga mizinga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Watu bado wanaishi humo. Unapita chini ya matao, unaingia uani, hakuna kiingilio. Wanaoanika nguo kwenye vibaraza ni watu wa kawaida kabisa, na kwangu pale panashinda chumba chochote chenye dhahabu ukutani. Baada ya vita kuu ya pili jiji liliendelea kujenga, na leo karibu nusu ya wakazi wanaishi kwenye nyumba za jiji au za vyama vyenye ruzuku. Moyo huohuo ndio uliochimba kisiwa cha Donauinsel, kilomita 21, kati ya 1972 na 1988, kuzuia mafuriko. Kiangazi watu wanaogelea kandokando yake bure, na wewe ukiwamo.

Vya makaisari navyo havikatai maskini, ukijua mlango. Bustani za Schönbrunn na za Belvedere hazina kiingilio. Wenye tiketi wanapanga foleni kuona vyumba, wewe unapanda kilima cha Gloriette na mji wote unaulaza chini ya miguu. Wien Museum pale Karlsplatz, tangu ilipofunguliwa upya Desemba 2023, maonyesho yake ya kudumu ni bure, nayo ndiyo ningemwanzishia mgeni yeyote. Makumbusho ya serikali hayamtozi aliye chini ya miaka 19, kwa hiyo kama una kijana wa sekondari, mwachie azunguke humo peke yake. Jumapili saa tano asubuhi nenda kanisa la Augustiner, ambako Franz Joseph alimuoa Elisabeth mwaka 1854. Misa hiyo huimbwa na kwaya pamoja na orkestra kamili, na unatoa sadaka unayoiweza.

Ukitoka kanisani uko ubavuni mwa Hofburg, kasri la makaisari, na sidhani kama mtu mweusi apite pale bila kumjua Angelo Soliman. Alizaliwa Afrika Magharibi karibu 1721, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akaishia Vienna kwenye nyumba za wakuu, akajifunza lugha nyingi, akaoa, akaingia chama cha Freemasons pamoja na vigogo wa elimu na muziki. Alipofariki mwaka 1796 Kaisari Franz aliagiza achunwe ngozi, ikajazwa na kuvalishwa manyoya na shanga, ikawekwa kwenye makusanyo ya viumbe ya kasri kama mshenzi wa msituni. Binti yake Josephine alidai apewe baba yake amzike. Hakupewa. Mabaki hayo yaliungua kwa moto wa mapinduzi ya 1848. Basi za watalii hazilisemi hilo, na haligharimu kitu kulijua.

Pa kulipa, basi, pawe wapi? Gari la farasi, hapana. Gurudumu kubwa la Prater, la mwaka 1897, kama una mtoto. La sivyo panda basi 38A hadi kilima cha Kahlenberg uuone mji kwa tiketi yako ileile. Kaburi la makaisari chini ya kanisa la Wakapuchini ningemshauri Mkenya alipie. Humo amelazwa Mwanamfalme Rudolf, ambaye wavumbuzi Teleki na von Höhnel walilipachika jina lake Ziwa Turkana la Wakenya mwezi Machi 1888, ingawa watu wa Turkana walikuwa wakiliita kwa jina lao siku zote. Rudolf alijiua Januari 1889, ziwa likabaki naye hadi 1975.

Mtanzania ningemwambia ajiwekee hela ya Weltmuseum, ndani ya Hofburg. Jumba hilo la makumbusho linahifadhi makusanyo ya mvumbuzi Oscar Baumann, mzaliwa wa Vienna. Mwaka 1888 alitekwa na watu wa Abushiri pamoja na Hans Meyer wakaachiwa kwa fidia, mwaka 1892 akaondoka Tanga kwenda bara akawa Mzungu wa kwanza kuingia kreta ya Ngorongoro, akapita hadi Burundi, na mwaka 1896 akawa balozi mdogo wa Austria-Hungaria huko Zanzibar. Alipita kwa Wamaasai wakati ng'ombe wao wameteketea kwa sotoka na watu wanakufa njaa, na aliyaandika hayo. Alikusanya vitu njia nzima. Hakuna aliyemwomba taarifa ya benki ya miezi mitatu. Kuna pia shaba za Benin na taji la manyoya la Mexico ambalo Wamexico wanalidai hadi leo. Tenga nusu siku, na kwenye vibao vya maelezo soma hasa sehemu inayosema kitu kilipatikanaje.